Kisichoguswa Hakihesabiwi

Shikamoo ndiyo iliyowaponza.

Nakijwa alikuwa hajamaliza hata kuvuka kizingiti cha maabara ya Sekondari ya Ndiwa wakati wanafunzi sabini waliposimama kwa kishindo kuwaamkia wageni. Nusu yao walisema, "Habari ya asubuhi!" kama watoto wa Tesho wanavyofundishwa tangu chekechea. Nusu nyingine, bila kufikiri, wakaitoa kutoka kifuani: "Shikamooni!" Neno likaanguka katikati ya chumba kama sufuria jikoni kwa watu.

Sasa, Tesho ni nchi nzuri. Ina barabara, ina maziwa, ina watu wanaojua kucheka. Lakini mtoto wa Tesho kumpa shikamoo binti wa miaka ishirini na sita? Afadhali umwambie atafune kiatu. Shikamoo ni ya ng'ambo ya mto, ya Malundi, kwao Nakijwa, ambako hata mwizi akikuzidi umri unamwamkia kwanza ndipo upige yowe.

Mwalimu Mghoi, mkuu wa shule, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaanza ghafla kufuta ubao uliokuwa hauna kitu.

"Marahaba, wanangu," ikasema sauti kando ya Nakijwa.

Ilikuwa sauti ya Mwakio, msomaji wa Mizani wa upande wa Tesho. Aliitamka laini, bila kukwama, kama mtu aliyeizoea. Nakijwa akamtazama kwa jicho la pembeni. Shikamoo ilikuwa imemshangaza. Marahaba ile ilimtia hofu.

Wasomaji walitembea wawili wawili, mmoja kutoka kila nchi, na kazi ya kila mmoja ilikuwa kumshuku mwenzake. Hawakuagana mlangoni, hawakuachana sokoni. Hata chooni mmoja alisimama nje akihesabu dakika. Wiki mbili sasa Nakijwa na Mwakio walikuwa wamekula pamoja, wamechekeshana, wamelalamikia mvua, na hakuna aliyemwamini mwenzake hata kwa kumshikia kalamu.

"Wanafunzi wenu wana adabu sana leo," Nakijwa alisema.

"Tumewaletea mgeni mzuri," Mwakio akajibu, akiinua kibao chake cha kusomea. "Tuanze, dada?"

Wakaanza.

Kibao kilipoelekezwa mezani, chawa waliamka. Hawakuwa chawa wa nywele. Walikuwa chembe ndogo kuliko unga wa sembe, zilizopuliziwa juu ya kila kitu ambacho serikali hizi mbili zilinunua kwa ajili ya shule za sekondari: kitabu, dawati, darubini, bomba la maji. Mkono wa mtu ukigusa kitu, chawa wake wanaripoti: nimeguswa. Mizani, ile mashine kubwa ya daraja la mpakani, inajumlisha migusano hiyo kwa bei ya kitu, inagawanya kwa idadi ya wanafunzi wa shule, na hapo ndipo inapatikana hesabu ya nchi. Sheria yake ilikuwa fupi, imebandikwa kila ofisi: *Kisichoguswa hakihesabiwi.*

Maana zamani mawaziri wa elimu walitukanana kwa asilimia. Malundi alisema, mimi natoa ishirini katika kila mia ya bajeti kwa sekondari, wewe unatoa kumi na nne, huna haya? Tesho akajibu, ishirini yako inagawanywa kwa watoto wengi kama siafu, kumi na nne yangu inamfikia kila mmoja na chenji inabaki. Malundi akasema, wewe unahesabu mpaka karo ya wazazi. Tesho akasema, na wewe unahesabu mpaka pensheni ya walimu waliokwisha kuzikwa. Nusura wafunge mpaka kwa ajili ya desimali.

Ndipo wakakubaliana. Shule mbili zinazotazamana mtoni, Mkomba upande wa Malundi na Ndiwa upande wa Tesho, zitakuwa shule za mfano. Nchi ambayo shule yake itasoma chini, italazimika kuongeza pengo hilo kwa kila sekondari yake, kuanzia mjini mpaka kule ambako gari la posta hufika kwa maombi. Wakitoka sare, hakuna anayeongeza hata chaki.

Miaka sita mfululizo, mara sita, zilitoka sare.

Nakijwa alipopewa kazi hii, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichomkereketa. Hata mapacha hawalingani mara sita. Na sasa kibao chake kilionyesha, kwa Ndiwa, mia nne na kumi na mbili. Alhamisi iliyopita, Mkomba, kilikuwa kimeonyesha mia nne na kumi na mbili.

Akapita kati ya meza akijifanya anasoma. Akasoma nyuso badala ya vitu. Wote walivaa sweta za hudhurungi za Ndiwa, lakini nyingine zilivaliwa kama nguo ya kuazima: mikono mirefu imekunjwa mara mbili, shingo imevutwa kuficha kola ya kijani. Kola za kijani zilikuwa za Mkomba. Alizijua, alivaa moja kwa miaka sita.

Karibu na dirisha msichana mmoja alikuwa ameinamia darubini kana kwamba anataka kuingia ndani yake. Nyuma ya shingo yake palikuwa na kovu dogo lenye umbo la mbegu ya boga. Nakijwa alilijua kovu lile. Ni yeye aliyemmwagia mdogo wake uji wa moto, miaka kumi na tatu iliyopita, akachapwa kwa hilo.

Nambike hakuinua uso.

*

Wakati wa mapumziko Nakijwa alimwambia Mwakio anakwenda kunawa mikono. Mwakio alisema sawa, akaketi kwenye ngazi ambapo angeweza kuona bomba, lakini si kusikia.

Nambike alikuwa bombani, akinawa mikono iliyokwisha kutakata.

"Dada, usinitazame hivyo. Watajua."

"Umevaa sweta ya watu."

"Nimeazimwa. Alhamisi rafiki yangu Wakesho, wa huku Ndiwa, alivaa yangu, ikambana mpaka akapumua kwa zamu." Akaacha kutabasamu. "Utatuchoma?"

"Nieleze kwanza. Haraka."

Nambike akaeleza haraka, kama alivyofanya kila kitu. Mkomba ilikuwa na darubini ishirini na mizani za maabara, lakini haikuwa na kemikali hata ya kusafishia sinki. Wizara ya Malundi iligundua kwamba darubini inaguswa miaka kumi bila kuisha, wakati kemikali ikishamwagwa ndio basi, hakuna wa kuigusa tena. Tesho nao, wajanja kama wao, waligundua kwamba chupa ndogo mia moja zinaguswa zaidi kuliko kifaa kimoja kikubwa. Wakaipa Ndiwa chupa, vichomeo na mirija ya kioo, bila darubini.

"Na vitasa," Nambike akaongeza. "Umeviona vitasa vya shuleni kwetu?"

Nakijwa alikuwa ameviona. Vitasa vya shaba, vya kuagizwa, kila mlango mpaka wa choo, maana kila mwanafunzi hugusa mlango mara ishirini kwa siku. Choo chenyewe hakikuwa na maji, lakini kitasa chake kiling'aa kama jino la bwana harusi.

"Sasa walimu wafanye nini? Mwalimu Mghoi na mkuu wetu wakakutana sokoni, wakaona huyu ana nusu ya maabara, yule ana nusu. Jumatatu hadi Jumatano kila kitu kipo huku. Alhamisi na Ijumaa kila kitu kipo kwetu. Darubini zinavuka ndani ya matenga ya nyanya. Na sisi tunavuka nazo. Hakuna aliyetaka kudanganya mtu, dada. Tulitaka kuona damu ya chura."

Nakijwa akapiga hesabu. Chawa wanaujua mkono. Hawajui ni mkono wa nani, sheria ya faragha iliwazuia. Mikono ya shule mbili iligusa vitu vile vile, huku na kule, kisha migusano ikagawanywa kwa wanafunzi wa shule moja; ndiyo maana sare. Kila nchi ilikuwa ikionekana inatoa mara mbili ya inachotoa.

"Nambike, mnajua maana yake? Miaka sita hakuna nchi iliyoongeza kitu. Shule elfu tatu."

Nambike akafunga bomba. Hilo halikuwa limemjia kichwani. Ilionekana kwa jinsi alivyobaki ameshika koki.

"Mtihani wa vitendo ni baada ya wiki tatu," akasema taratibu. "Ukisema, watafunga maabara na kuitia lakiri. Nitaingia kwenye mtihani nikiwa sijashika kitu."

"Najua."

"Nataka kuwa daktari, dada. Unajua hilo pia."

"Najua, Nambike!"

"Basi bonyeza unachotaka. Lakini ukibonyeza uongo usije ukasema ulifanya kwa ajili yangu. Nitashindwa kukubeba, wewe ni mzito."

Akaondoka akivuta mikono ya sweta ya watu.

*

Saa saba walikula kantini ya shule, chapati na maharage. Mwakio alikula kama mtu asiye na siri, jambo ambalo Nakijwa aliliona ni dalili mbaya kabisa.

"Yule binti wa dirishani," Mwakio akasema, akichovya, "ana pua yako."

Chapati ikamkwama Nakijwa.

"Kunywa maji, dada. Alhamisi kule kwenu nilisikia 'habari ya asubuhi' kumi na tano hivi. Wewe hukusikia, ulikuwa umelewa shikamoo zako. Nilizihesabu, nikanyamaza. Nikasema, ngoja nione huyu dada wa Malundi atafanyaje zamu yake ikifika."

"Na ukajibu marahaba ili unitege."

"Nilijibu ili watoto wasizimie. Kukutega ilikuwa faida tu."

"Unataka nini, Mwakio?"

Akafuta mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, uso wake ulikosa mzaha, na bila mzaha ulikuwa uso wa kawaida, wa mtu aliyechoka. "Mke wangu anafundisha sekondari kule juu milimani. Darasa lake lina wanafunzi tisini na kitabu kimoja cha fizikia. Kimoja. Anakisoma kwa sauti kama mahubiri. Kila mwaka wizara inamjibu: subirini, tuko sare na Malundi, hatudaiwi."

"Basi upinge hesabu."

"Peke yangu?" Akacheka bila furaha. "Unajua kanuni. Tukithibitisha wote, sare inabaki na maisha yanaendelea. Mmoja akipinga na mwingine akathibitisha, aliyethibitisha ndiye mwongo: shule ya mfano ya nchi yake inafutiwa kidato cha tano na cha sita, na nchi ya aliyepinga inapeta. Tukipinga wote wawili, maabara zote mbili zinatiwa lakiri muhula mzima na Mizani inasoma kila sekondari ya nchi hizi, mlango kwa mlango. Nikikwambia tupinge wote, nitajuaje kwamba nikishaingia kibandani hutanigeuka?"

"Ukigeukwa ukiwa umepinga, anayeumia ni mimi."

"Ndiyo. Na mdogo wako. Ndiyo maana najua huwezi kupinga; utaogopa kufunga maabara yake. Na najua huwezi kuthibitisha. Utaogopa nipinge mimi. Dada, mimi nimekaa hapa nikikuhurumia kuliko haya maharage."

Nakijwa akamtazama muda mrefu. Alitafuta uongo usoni mwake akaupata, akatafuta ukweli akaupata nao, na hakuweza kujua upi ulikuwa wa leo.

"Sare," akasema mwishowe. "Watoto wafanye mtihani wao. Mwakani tutaona."

"Sare," Mwakio akasema, akanyoosha mkono juu ya sahani. Wakapeana mikono. Mkono wake ulikuwa na jasho. Wa Nakijwa pia.

*

Vibanda vya Mizani vilikuwa viwili, kimoja kila mwisho wa daraja, na daraja lilikuwa na hatua mia mbili. Aliyejenga alihakikisha msomaji hamwoni mwenzake wala hasikii pumzi yake. Saa tisa kasorobo Nakijwa alijifungia upande wa Malundi. Kioo kikawaka. Chini yake palikuwa na sehemu mbili za kuwekea kidole gumba: THIBITISHA, PINGA.

Akaweka gumba juu ya THIBITISHA, hewani, bila kugusa.

Alimwona Nambike amevaa koti jeupe. Kisha akauona mkono wa Mwakio ukitoa jasho. Mtu mwenye mke mwenye kitabu kimoja cha fizikia huthibitisha kweli? Huyu amekwenda kule akiwa na wanafunzi tisini mgongoni. Atapinga. Atapinga, na Mkomba itafutiwa vidato vya juu, na Nambike hatafanya mtihani wenye maabara wala usio na maabara. Jamaa alicheka nami wiki mbili ili niingie humu na gumba laini.

Na kama hatapinga? Basi kwa kupinga, yeye Nakijwa ndiye atakayewafukuza watoto wa Ndiwa, Wakesho wa watu aliyevaa sweta ikambana. Alimpa mtu mkono.

Na chini ya yote hayo, kama jiwe dogo ndani ya kiatu, kulikuwa na lile la shule elfu tatu. Alitamani liwe kubwa kuliko mengine. Alitamani limsukume peke yake, apate kusimulia vizuri baadaye.

Saa kwenye kioo ikasema zimebaki sekunde kumi.

Akabonyeza PINGA.

Kisha kipaza sauti cha daraja kikakohoa, na sauti ya Mizani, ambayo mhandisi fulani aliipa upole wa mtangazaji wa vifo, ikasema kwa pande zote mbili za mto:

"Malundi: pinga. Tesho: pinga. Sare imefutwa. Shule zote zitasomwa. Maabara za Mkomba na Ndiwa zitatiwa lakiri saa tisa na nusu."

Wakakutana katikati ya daraja.

"Ulisema sare, dada."

"Na wewe ulinipa mkono."

"Mkono nilikupa, sikatai." Mwakio akautazama huo mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nilidhani utanigeuka."

"Nami nilidhani utanigeuka."

"Basi tumegeukana mpaka tukatazamana." Akaanza kucheka, akashindwa kuendelea. "Watasema sisi ni mashujaa. Wataandika kwamba wasomaji wawili walisimamia ukweli. Wewe utakanusha?"

Nakijwa alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea Ndiwa, kisha akajikuta anakimbia, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili Mwakio alimwacha aende bila kumfuata.

*

Mtu wa lakiri alikwisha kufika. Alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa maabara, nta na mhuri mapajani, akitazama saa kama abiria. Mwalimu Mghoi alikuwa amemletea chai, na kila akinywa funda alimwongezea, akimwuliza habari za ukoo wake tangu babu.

Ndani, wanafunzi walikuwa wakifanya kazi bila kelele. Hawakusimama kumwamkia Nakijwa. Kola za kijani sasa zilikuwa nje, hakuna aliyejificha tena. Nambike alikuwa kwenye meza ya mwisho mbele ya mrija mrefu wa kioo uliosimama wima, wenye koki ndogo chini, na chini ya koki chupa ya asidi nyeupe kama maji.

"Umesikia," Nakijwa akasema.

"Mto mzima umesikia." Nambike hakugeuka. "Ulipinga kwa sababu ya zile shule, au kwa sababu hukumwamini yule?"

Dada mkubwa ana haki ya uongo mdogo mara moja moja. Nakijwa aliufungua mdomo akautafuta, akakuta hautoki.

"Sijui."

"Hujui?"

"Nilitaka iwe kwa sababu ya zile shule. Nilipobonyeza niliogopa tu."

Machozi yalimlenga Nambike, akayafuta kwa mkono wa sweta ya kuazima, kwa hasira, kama anayefukuza inzi.

"Nina dakika ishirini na tano," akasema. "Wakesho ameitwa ofisini. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anatikisa chupa, mwingine anashika koki. Magadi yanaingia kwenye asidi tone moja moja. Rangi ya waridi ikija ikaondoka, unaendelea. Ikija ikabaki, unafunga hapo hapo. Ukipitisha tone moja, kazi yote inaharibika na sina muda wa kurudia. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Usiseme nitaweza. Shika."

Nakijwa akashika koki. Akaegemeza vidole kwenye chuma cha kushikilia mrija. Tone likaanguka, waridi likachanua kama wino, likayeyuka. Jingine. Jingine. Nje, mtu wa lakiri alisema chai imemtosha, mama, na Mwalimu Mghoi akasema hapana, bado hujanieleza shangazi yako aliolewa wapi.

Waridi lilikuja, likachelewa kuondoka.

"Umeona?" Nambike akanong'ona, macho kwenye chupa. "Limeondoka lote, au limebaki?"

Nakijwa akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Niambie unachokiona," Nambike akasema, "si unachofikiri nataka kusikia."

"Limeondoka," Nakijwa akasema. "Lote."

"Basi tone moja tena, dada. Moja tu."

Akafungua koki.